Majoho Kumi na Manne Kambani

Katika mtaa ule, habari za msiba hazikuletwa na simu. Zililetwa na kamba ya Mama Pasi.

Kamba yenyewe ilianzia kwenye nguzo ya kibaraza chake, ikavuka uchochoro, ikaishia kwenye msumari wa jirani yake, kinyozi. Siku za kawaida ilibeba mashati ya watu wa ofisini na mashuka ya nyumba ya wageni. Lakini siku ukiona majoho meupe yenye kola za zambarau yananing'inia pale bega kwa bega, kumi na manne, yametulia kama watu waliokatazwa kuongea, ujue kuna mmoja wetu ameitwa.

Yalikuwa majoho ya kwaya ya kanisa. Kanisa lilikuwa na kwaya mbili. Ya vijana ilikuwa na spika na gitaa, ndiyo iliyoitwa harusini. Ya wazee ilikuwa na pumzi tu, nazo za kubana matumizi, ndiyo iliyoitwa makaburini. Watani waliiita Kwaya ya Mwisho. Jumapili wazee wale waliimba na nguo zao za nyumbani, maana kufua nyeupe kumi na nne si mchezo. Joho lilitoka sandukuni kwa jambo moja tu, na kabla ya kufika kaburini lilipitia kwanza mezani kwa Mama Pasi. Ndiyo maana mtu akipita akakuta kamba imejaa weupe, hakuuliza kuna nini. Aliuliza, "Nani?"

Mama Pasi alikuwa dobi, mjane wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, kana kwamba kuna mtu aliuacha mkono wake pale akasahau kuurudia. Chumba chake kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia. Mbele ya pazia ni kazini, nyuma ya pazia ni nyumbani. Kazini palikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi la kijivu lililoungua pembe tatu, ndoo ya wanga, chupa ya kunyunyizia iliyotobolewa kifuniko, na pasi mbili: ya umeme na ya mkaa. Ya umeme ilikuwa ya kuonyesha wateja. Ya mkaa ndiyo iliyofanya kazi, kwa kuwa umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mkwe mwenye maringo, unakuja ukijisikia.

"Mtu atakudanganya kwa mdomo," alipenda kusema, "lakini kola haina adabu. Inasema yote." Kwa kola alijua nani amekonda, nani anatembea juani siku hizi badala ya kupanda gari, na nani anakumbatiwa na mtu anayepaka poda ambaye si mkewe. Alijua na alinyamaza. Au tuseme alinyamaza mpaka mwenye shati amchokoze.

Kanisani hakuimba. Sauti yake, kwa maneno ya wifi yake, ingefaa kufukuzia kunguru shambani.

"Kila mtu na karama yake," Mama Pasi alimjibu. "Wewe umepewa koo, mimi nimepewa mkaa."

Basi kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo ilikuwa huduma yake. Alinyoosha majoho, kwaya ikaja, ikayavaa, ikaenda kuzika. Yeye alibaki na mashati ya watu. Ila alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeijua: kila alipoanza joho, kabla pasi haijagusa kola, alimwombea mfiwa. Ombi lenyewe lilikuwa fupi kama yeye. "Bwana, usimwache peke yake." Joho moja, ombi moja. Kumi na manne, kisha anafunika mkaa.

Mwaka ule ubavu wake wa kulia ukaanza kumletea maneno. Alijitibu kwa njia zote za mtu mwenye kazi nyingi: kuupuuza, kunywa maji moto, kuukemea kwa jina la Yesu, na kuupuuza tena. Lakini siku moja maumivu yalimkunja juu ya meza mpaka pasi ikatoboa mfuko wa shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kwa aibu ya shati lile zaidi ya ubavu akaenda hospitali. Daktari akampitishia chombo tumboni, akatazama kioo chake, akasema kuna mawe kwenye mfuko wa nyongo.

"Mawe?"

"Mawe, mama."

"Daktari, mchele nachambua mwenyewe."

Daktari alicheka, lakini hakubadili maneno. Mfuko utolewe, tena upesi. Jumanne, saa mbili asubuhi. Akampa karatasi yenye muhuri. Mama Pasi akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya blanketi la meza, kwenye ile pembe isiyoungua, akawa anapitisha pasi juu yake kutwa nzima, kana kwamba ikinyooka vizuri maandishi yatafutika.

Aliyeigundua ni wifi. Alikuwa dada wa marehemu mumewe, mpishi wa shule, mwanamke wa sauti ya kwanza kwaya na sauti ya kwanza kila mahali. Jumatano alipitia kama kawaida yake, akaegemea meza.

"Wifi, blanketi lako lina nundu."

"Liache."

"Nundu yenyewe ina muhuri." Alishaivuta, alishaikunjua, anasoma huku midomo ikicheza. "Jumanne? Jumanne hii hii inayokuja?"

"Jumanne sina nafasi. Nina mashuka arobaini ya nyumba ya wageni."

"Mashuka! Mwanamke ana kokoto tumboni, anawaza mashuka!"

"Kokoto ni zangu. Nimekuomba unisaidie kubeba?"

"Usinizungushe. Unaogopa kisu?"

Mama Pasi aliweka pasi juu ya kigae chake. Aliiweka polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kisu sikiogopi," alisema. "Naogopa benchi."

Wifi aliijua habari ile, ingawa hakuwahi kuisikia ikisemwa. Miaka minne nyuma mume wa Mama Pasi aliingia mlango ule ule wa upasuaji kwa miguu yake, akitaniana na wauguzi, kwa jambo ambalo kila mtu aliliita dogo. Hawakumwambia yeyote, kwa kutotaka kusumbua watu. Mama Pasi akakaa peke yake kwenye benchi la kijani nje ya mlango tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Daktari alipotoka hakuwa na haraka," Mama Pasi alisema. "Hapo hapo nikajua. Akaangaza macho amtafute mtu mzima mwingine wa kumwambia kwanza. Hakuna. Tulikuwa mimi na benchi. Sasa mimi nikiingia, wifi, pale nje atakaa nani? Nitalala mle ndani nikijua benchi ni tupu. Hata dawa zao zikiniamsha, mimi sitaamka."

"Umeomba?"

"Nimeomba. Nikiomba, maombi yanafika darini yanarudi. Imani yangu imebaki majivu, kama mkaa wa jioni."

"Nitakaa mimi kwenye benchi."

"Jumanne una watoto mia tatu wanasubiri kula. Hebu niapie hutamwambia mtu."

Wifi akaapa. Hatamwambia binadamu yeyote.

Na kweli, hakumwambia binadamu. Alimwambia Mungu. Ila alimwambia kwa sauti, Alhamisi, kwenye maombi ya kufunga mazoezi ya kwaya, wenzake kumi na watatu wakiwa wamefumba macho na kufumbua masikio. "Baba, unamjua wifi yangu, yule anayetunyooshea majoho, ambaye nimekatazwa kumtaja. Unayajua mawe yake ya upande wa kulia, na Jumanne yake ya saa mbili, na karatasi yake chini ya blanketi. Unajua analiogopa benchi, Baba, wala haendi." Waliposema amina, siri ilikuwa na wenyewe kumi na wanne.

Mwalimu wa kwaya alikuwa fundi bomba. Aliongoza nyimbo kwa mkono wa kulia uliozunguka kana kwamba anakaza koki, na besi zilipozidi aliikaza zaidi. Yeye ndiye aliyetoa shauri: Jumamosi waende wakamwimbie mlangoni kwake, wimbo ule mpya wa furaha ambao walikuwa ndiyo kwanza wanaujifunza. Na wavae majoho.

"Majoho ni ya msiba," mmoja akasema.

"Majoho ni ya heshima!" fundi bomba akasema. "Marehemu tunawavalia, wala hawatutazami. Huyu mama ametunyooshea miaka kumi na moja, hajawahi kutuona tumesimama mbele yake tumependeza. Hata siku ya mumewe macho yalikuwa yamejaa maji, aliona nini?"

Wote wakaona ni neno jema. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kuhudhuria kikao cha kwaya.

Tatizo likawa moja. Majoho yalikuwa na mikunjo ya sandukuni, na dobi waliyemwamini alikuwa mmoja. Ijumaa asubuhi fundi bomba akalibwaga gunia mezani kwa Mama Pasi.

"Nani?" Mama Pasi akauliza.

Fundi bomba, ambaye tangu abatizwe alikuwa amesahau namna ya kudanganya, akatazama viatu vyake. "Mtu... wetu."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa anaumwa, ndiyo."

"Namjua?"

"Sana."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mama, nimeacha bomba la watu linamwaga," akasema, akatoka karibu na kukimbia.

Mama Pasi akaguna, akawasha mkaa. Alinyoosha siku nzima, akipumzika kila baada ya joho, akishika ubavu. Kwa kila moja alimwombea yule mfiwa asiyemjua. Usimwache peke yake. Usimwache peke yake. La kumi na nne alilimaliza amekaa kwenye kigoda.

Huku nje mtaa ulishasoma kamba, na mtaa ukachanganyikiwa. Majoho yapo, maiti haipo. Watu wakaanza kuhesabiana. Kinyozi akawapitia majirani upande wa kushoto, kisha wa kulia, wote wanapumua. Mzee mstaafu wa nyumba ya pembeni aliulizwa hali mara tatu kabla ya saa saba, mpaka akatoa kiti nje, akafungulia redio kwa sauti ya juu, akakaa pale kama ushahidi. Muuza maziwa alisimamisha baiskeli yake, akatazama kamba, akaenda kutangaza mitaa ya mbele: "Kuna msiba kule chini. Jina bado halijatoka."

Jumamosi majoho yalichukuliwa mapema. Na mlango wa Mama Pasi, ambao siku zote ulifunguka kabla ya jogoo kumaliza hotuba yake, haukufunguka. Kazi ya jana ilikuwa imempiga. Alikuwa nyuma ya pazia, kajikunja kitandani, usingizi umemchukua hatimaye.

Kinyozi aliuona ule mlango saa tatu. Akauona saa sita. Saa kumi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado ni msitu, alipoiona kwaya ikiingia uchochoroni kwa mistari miwili, nyeupe, kola za zambarau, ikaja, ikaja, ikasimama mbele ya mlango uliofungwa.

Mashine ikamdondoka mkononi. "Mungu wangu," akasema. "Kumbe ni jirani!"

Ukelele wake ulifanya kazi ambayo matarumbeta hayawezi. Akina mama wakatoka na mikono kichwani. Viti vikaanza kutoka majumbani vyenyewe, maana viti vya mtaa ule vinaijua njia. Mtu akampigia mchungaji. Muuza maziwa akageuza baiskeli kwa kasi, safari hii jina lilikuwa limetoka.

Kwaya ilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Walikuwa na karatasi za wimbo wa furaha mikononi, na mbele yao watu wanalia. Fundi bomba akainua mkono, akafungua koki. Hapo mzee wa besi, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa hajavaa joho lile bila kaburi mbele yake, alipoona machozi akafumba macho, na kilichotoka kinywani mwake ni wimbo wa kaburini. Wenzake wakamfuata kama maji yanavyofuata mteremko. Na waliuimba vizuri, ole wao, sauti nne, hakuna kosa.

Mama Pasi akaamka akisikia anazikwa.

Alitulia tuli kitandani. Akawaza: kumbe ndiyo hivi, wala haiumi. Kisha akageuka, ubavu ukamchoma kisawasawa. Akalitafakari jambo hilo. Mbinguni maumivu hayapo, hilo aliahidiwa. Na kule kwingine, kwa jinsi anavyoelewa, hawaimbi sauti nne. Kwa hiyo bado yuko palepale, jirani na kinyozi.

Naye kinyozi alikuwa akisikika juu ya kwaya yote. "Miaka yote nagombana naye! Eti moshi wa mkaa unaingia kwa wateja wangu! Sasa atanigombeza nani? Nilipopatwa na homa aliniletea uji, akanitukana, akaondoka, kesho yake akaleta tena! Hakuna mtu amewahi kunitukana vizuri vile!"

Mama Pasi akainuka. Akajishikilia kwenye pazia, kwenye meza, kwenye ukuta. Akafungua mlango.

Nusu ya waombolezaji walipotea bila kuaga. Mteja wa kinyozi aliruka mtaro na kichwa chake cha nusu, na inasemekana alimalizia kunyolewa mtaa wa tatu. Kwaya ilinyamaza sauti moja baada ya nyingine, besi ikawa ya mwisho. Kinyozi alibaki amepiga magoti, mdomo wazi.

"Nani amekufa?" Mama Pasi akauliza.

Kwaya ikatazama karatasi zake za wimbo. Mwishowe wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, "Wewe."

"Lini?"

"Hapana, wifi, tulikuja kukuimbia upate nguvu."

"Kwa wimbo huo?"

Wote wakamgeukia mzee wa besi. "Mnisamehe," akasema. "Mdomo umezoea njia."

Wakati huo huo mchungaji akafika anahema, kitabu cha mazishi kwapani, uso ameshautengeneza kwa huzuni. Akamwona marehemu amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Bwana asifiwe," akasema, lakini kwa namna ya kuuliza.

Hapo Mama Pasi akaanza kucheka. Alicheka na kushika ubavu, akalia "mnaniua kweli sasa," akacheka tena, mpaka akakaa kwenye kimojawapo cha viti vya msiba wake mwenyewe. Mtaa mzima ukacheka naye, hata waliokimbia wakarudi kucheka. Kicheko kilipopungua, akajifuta macho, akamtazama wifi.

"Uliapa."

"Sikumwambia mtu!"

"Ni kweli, Mama," fundi bomba akamtetea. "Alimwambia Mungu. Sisi tulikuwa tunapita tu."

"Basi kama mmesikia yote, mmesikia pia kwamba siendi. Sina imani ya kwenda. Nikiomba naishia darini."

Fundi bomba akavuta kiti, akakaa mbele yake. Alikuwa mtu wa mabomba, si wa hotuba, na mchungaji mwenyewe alikuwepo, lakini akasema.

"Mama, kama shida ni dari, iko habari ya yule mgonjwa wa kupooza. Rafiki zake wanne walimbeba na mkeka wake, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha miguuni pa Bwana. Umeshawahi kusikia yule mgonjwa akiulizwa habari ya imani yake? Hakuulizwa. Bwana alitazama juu, kwa wale wanne, na vumbi lao na majasho yao, akaona pale ipo imani ya kutosha. Kazi ya mgonjwa ilikuwa moja tu, kulala." Akapangusa paji la uso kwa mkono wa joho. "Na wewe lala. Imani tutabeba sisi. Tuko kumi na wanne, na wewe si mzito kiasi hicho."

"Usipangusie jasho joho langu!" Mama Pasi akasema.

"Na mwenye nyumba," kinyozi akauliza kutoka nyuma, "alisemaje kuhusu paa lake?"

Watu wakacheka tena.

"Nauliza tu," akasema. "Halafu mhesabu kumi na tano. Mimi Jumanne nafunga duka."

"Wewe kanisani huonekani," wifi akamwambia.

"Nani amesema tunaenda kanisani? Tunaenda kwenye benchi."

Mama Pasi hakuwasikia vizuri. Alikuwa anayatazama majoho. Alikuwa ameyanyoosha jana, moja moja, na kwa kila moja alimwombea mtu asiyemjua kwamba asiachwe peke yake. Mara kumi na nne. Na sasa yamesimama mlangoni kwake, kila moja lina mtu ndani. Aliuinamia mkono wake ule mnene, akaubusu kama mtu anayefuta mdomo, asionekane.

"Nitaenda," akasema. "Lakini Jumanne mkija na majoho, narudi nyumbani kwa miguu."

Mchungaji akaomba. Aliomba kwa ufupi, maana alikuwa amejiandaa kwa jambo jingine, na watu wengi wanasema ndilo ombi lake bora mpaka leo.

Jumanne benchi la kijani, ambalo lilitengenezwa kwa watu sita, lilikaliwa na tisa. Wengine sita walisimama. Wifi aliomba ruhusa, na watoto wa shule wakala mkate siku hiyo bila manung'uniko. Muuguzi akatoka na faili.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Wakajitokeza kumi na watano.

"Ndugu wa damu, jamani."

Wakarudi nyuma wote, akabaki wifi. Kisha kinyozi akajitokeza tena. "Mimi tumechangia kamba," akasema.

Mama Pasi alipitishwa mbele yao juu ya kitanda cha magurudumu, kavikwa nguo ya kijani ya hospitali iliyojaa mikunjo, jambo lililomuudhi. Aligeuza kichwa kulitazama benchi. Halikuwa na nafasi hata ya kuweka mkoba. Macho yake yakatua kwa fundi bomba, aliyevaa shati la maua lililojikunja kila mahali.

"Nani amekupigia pasi hilo shati?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Ole wako. Nikitoka nikukute umelivua."

Nikitoka, alisema. Wifi alilisikia neno hilo, akambana mkono kinyozi mpaka akalalamika. Mlango ukafungwa. Na mle ndani, kabla dawa haijamchukua, Mama Pasi alisikia kwa mbali wimbo wa furaha ukiimbwa kwa kunong'ona, mzee wa besi akiwa ameukosea ubeti wa pili, na muuguzi akisema "shhh, hapa ni hospitali." Akalala akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile karatasi.

Daktari alipotoka alikuwa na haraka, tena akitabasamu, na hakukosa mtu wa kumwambia. Alilazimika kusema mara mbili, maana wa nyuma hawakusikia vizuri kwa furaha ya wa mbele. Mawe yalikuwa saba. Mama Pasi aliyabeba nyumbani kwenye chupa ndogo, akayaweka dirishani. Mteja akilalamika shati limechelewa, anaonyeshwa chupa.

Alikatazwa kunyanyua pasi wiki sita. Kinyozi akajitolea, asubuhi anyoe, jioni anyooshe, huku Mama Pasi amekaa kibarazani akiongoza kwa mdomo. Habari ya muuza maziwa nayo ilikuwa imeenea vilivyo. Kwa majuma mawili wateja wa mitaa ya mbali walikuja na nyuso za msiba kudai nguo zao, wakamkuta marehemu mwenyewe kwenye kiti, akiwauliza kwa nini wameacha kufua kola.

Wiki ya sita kwaya ikaleta gunia. Jumapili ilikuwa shukrani yake, na wazee walipitisha neno: watavaa majoho, kanisani, bila jeneza, kwa mara ya kwanza. Kinyozi akanyoosha Jumamosi kutwa. Kabla hajaanza la kwanza, Mama Pasi alimwambia pasi isiguse kola mpaka amwombee mtu. "Nimwombee nani?" "Yeyote. Sema asiachwe peke yake." Kinyozi akatazama huku na huku, akasema kwa haraka, kama anayekohoa. Kufikia la kumi alikuwa hakumbushwi.

Jioni kamba ikawa nyeupe tena. Muuza maziwa akafunga breki.

"Nani tena?"

"Hakuna," Mama Pasi akasema. "Ni mimi. Nimepona, kesho nashukuru."

Muuza maziwa hakuonekana kuridhika. Akayapitia majoho kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka akafika la saba. Mgongoni, katikati kabisa, palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi, imekaa vizuri kama imechorwa.

"Na hiki ni nini?"

Kinyozi akaingia dukani kwake akafunga mlango.

"Huo sasa," Mama Pasi akasema, akishika kiti ainuke, "ndio msiba."